Notisi ya dereva wa lori: siku 28 zinaanza kuhesabiwa wapi?

Kwenye foleni ya Tunduma, malori yanaposubiri kuvuka kwenda Nakonde upande wa Zambia, hoja ya kuacha kazi haikosi kuzuka, na ikizuka madereva hugawanyika palepale. Wapo wanaosema ukimpa tajiri, yaani mwenye gari, notisi leo, kesho funguo ziko kwa mtu mwingine na wewe umekaa nyumbani bila safari. Dawa ni kumaliza safari, kupokea chako na kuzima simu. Wapo wanaosema mtu mzima haondoki kimyakimya: andika barua, kabidhi gari, nenda zako. Kila upande una mifano yake ya watu wanaojulikana, na mifano yenyewe ni ya kweli.

Ubishi hauishi kwa sababu sheria ya kazi inapima notisi kwa mshahara, wakati kwenye malori ya masafa marefu mshahara ndiyo sehemu ndogo ya hela inayozunguka. Hela ya dereva iko kwenye posho ya safari. Hela ya tajiri iko kwenye malipo ya mzigo. Dereva anaweza kuifuata sheria neno kwa neno na bado akakaa mwezi mzima mfuko mtupu. Mwingine akaivunja na asidaiwe hata shilingi. Ndiyo maana swali la "nitoe au nisitoe" halina jibu zuri mpaka uulize swali la pili: siku unapotoa, gari liko wapi na lina nini mgongoni?

Tuanze na sheria yenyewe, maana huko ndiko maneno mengi ya kijiweni yanakopotoka.

Kwa Tanzania Bara (Zanzibar ina sheria yake ya ajira), kinachotawala ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ukiwa bado ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi, notisi ni siku 7. Ukishauvuka mwezi huo, anayelipwa kwa siku au kwa wiki anatoa siku 4, na anayelipwa kwa mwezi anatoa siku 28. Hivyo ni viwango vya chini. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, ila lazima muda huo ulingane kwa pande zote mbili; tajiri hawezi kukufunga kwa miezi mitatu halafu yeye akajiachia wiki nne. Notisi iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe inayotolewa. Haitolewi mtu akiwa likizo, wala siku zake hazihesabiwi pamoja na siku za likizo.

Hiyo "notisi ya saa 24" inayotajwa kila mahali haimo kwenye viwango hivyo. Imetokana na mazoea na vifungu vya mikataba ya ofisi fulani fulani, kwamba upande unaotaka kuondoka papo hapo ulipe mshahara wa mwezi mmoja. Kama mkataba wako una kifungu hicho, kitumie. Kama hauna, usiandike barua ya saa 24 ukidhani sheria inakulinda.

Sasa, dereva mwingi atasema: mkataba gani? Mimi nilipewa funguo na laki mbili ya njiani, nikaambiwa gari linapakia Kurasini. Kilio hiki ni cha zamani. Aprili na Mei 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima, na mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao makubwa. Lakini kukosa karatasi hakukufanyi kibarua wa hewani. Sheria ya Taasisi za Kazi, ya mwaka huohuo 2004, inasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa ikithibitika hata moja tu ya hali kadhaa ilizoziorodhesha: kwamba namna anavyofanya kazi au saa zake za kazi ziko chini ya usimamizi wa mwingine, kwamba anapewa vifaa vya kazi na huyo mwingine, kwamba anamtegemea kiuchumi, kwamba anafanya kazi kwa mtu mmoja tu. Mtu anayeendesha lori la tajiri, kwa mafuta ya tajiri, huku traka ya tajiri ikimwona anaposimama kununua mahindi ya kuchoma, anazijaza karibu zote. Na mgogoro ukifika mbele ya msuluhishi, mwajiri aliyeshindwa kutoa mkataba wa maandishi ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi yalikuwa yapi.

Kwa anayelipwa kwa safari bila mshahara wa mwezi, sheria inataja siku, wiki na mwezi, safari haimo. Ushauri wangu ni kuhesabu siku 28. Akitokea mtu wa kubisha, abishe kwamba ulitoa nyingi mno.

Kwa walio na mkataba wa muda maalumu, tuseme wa mwaka mmoja, mambo ni mengine kidogo. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinasema mfanyakazi anaweza kuuvunja mkataba wa namna hiyo kabla haujaisha pale mwajiri alipovunja masharti yake ya msingi. Nje ya hapo, ni makubaliano. Kabla hujaandika chochote, soma kama mkataba wako una kifungu cha kuachana kabla ya muda. Mingi inacho.

Bei ya kuondoka bila notisi

Mfanyakazi akikataa kufanya kazi siku za notisi, sheria inamruhusu mwajiri kukata, kwenye hela ambazo mfanyakazi huyo anamdai, kiasi ambacho angelipwa kwa siku hizo. Basi. Haisemi tajiri azuie leseni yako, wala akushike vyeti, wala akupeleke polisi kwa kuacha kazi. Kuacha kazi si jinai.

Tuweke namba za mfano tu. Dereva ana mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi, na safari moja ya Lubumbashi inamwachia posho inayozidi mshahara huo. Ameondoka tarehe 10 bila notisi. Anadai siku kumi za mshahara, kama laki na kitu, pamoja na siku za likizo ambazo hakuzichukua. Tajiri ana haki ya kukata mpaka karibu laki nne. Vikipigwa hesabu, dereva anaondoka na sifuri au karibu na sifuri, na hapo sheria imeshamaliza kazi yake. Kwa mtu aliyepata kampuni inayolipa posho maradufu, bei hiyo haitishi.

Kwa upande wa pili, lori limelala yadi. Mkopo wa benki hausimami kwa sababu dereva amezima simu, na mzigo uliokuwa upakiwe umepewa kampuni nyingine. Tajiri amepoteza mamilioni, na sheria inamfidia laki nne ambazo pengine hata hazikuwepo kwenye akaunti ya dereva. Hasira zake zinatoka hapo, na hasira hizo ndizo zinazomfanya atafute silaha nyingine: upungufu wa mafuta wa miezi mitatu iliyopita unaibuka leo, tairi lililobadilishwa Makambako linageuka tairi lililouzwa, safari ambayo marejesho yake, yaani hesabu na risiti za njiani, yalishapokelewa inakuwa haina risiti.

Hapo ndipo naona faida ya notisi kwa dereva, na wengi hawaitazami kwa jicho hili. Wanaihesabu kama heshima wanayompa bosi asiyestahili. Mimi naihesabu kama muda wa kufunga hesabu ukiwa bado una mlango wa kuingilia yadini.

Na kuhusu hayo madeni ya kuibuka, sheria imeweka uzio. Mwajiri hakati mshahara kufidia hasara mpaka hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, aeleze kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi alivyokipata, akupe nafasi ya kupinga, asidai zaidi ya hasara halisi, na makato yasizidi robo ya malipo yako. Kwa hiyo faini ya mizani ya Mikese, ambayo ilitokana na ofisi kupakia kupita kiasi, haiwi deni lako kwa kuandikwa tu kwenye daftari la mhasibu. Dereva aliyezima simu, hata hivyo, amejinyima nafasi ya kupinga. Hayupo, na asiyekuwepo hupewa makosa yote.

Gari liko wapi

Kutoka Dar es Salaam mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na anayepeleka mzigo Kongo bado ana Zambia nzima mbele yake mpaka Kasumbalesa. Kwenda na kurudi, foleni zikikubali, ni wiki kadhaa. Zikikataa, mwezi unaisha. Maana yake siku 28 za notisi zinaweza kumezwa zote na safari moja, na tarehe yako ya mwisho ikakukuta umeegesha nyuma ya malori mia mbili, una shaba kwenye trela.

Ukimwandikia tajiri ukiwa njiani, barua inaweza kuwa halali: iandike, isaini, ipige picha, itume kwa WhatsApp na uhifadhi ujumbe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inayatambua maandishi ya kielektroniki. Lakini uhalali ni kitu kimoja na busara ni kitu kingine. Tajiri akipata habari hiyo gari likiwa Kapiri Mposhi huko Zambia, atakachokiona kichwani ni mtu mwenye mali yake ya mamilioni ya shilingi katika nchi nyingine, ambaye ameshasema hana haja tena na kazi. Ataanza kupiga simu kila saa. Wengine humtuma dereva wa pili kwa basi akalipokee gari mpakani, na hapo makabidhiano yanafanyika gizani kwenye kituo cha mafuta, bila orodha, bila shahidi, na kila kitakachokosekana Dar kitakuwa chako.

Toa notisi yadini, kati ya safari na safari, marejesho ya safari iliyopita yakiwa yameshapokelewa. Hapo ndipo siku 28 zinapoanzia vizuri. Na ndani ya barua weka ombi moja ambalo watu husahau: kwamba usipangiwe safari isiyoweza kurudi kabla ya tarehe ya mwisho. Mtu wa operesheni anaweza kukupa Morogoro, Dodoma, au kuhamisha makontena bandarini. Akikataa na kukupangia Kolwezi, Kongo, mwambie akuandikie kwamba muda umeongezwa mpaka siku utakayokabidhi gari, na kwamba siku hizo za ziada zinalipwa mshahara na posho kama kawaida.

Barua yenyewe haihitaji maneno mengi. Mistari kama hii inatosha:

"Mimi, dereva wa gari lenye namba za usajili zilizotajwa hapo juu, natoa notisi ya siku 28 ya kuacha kazi kuanzia leo, kwa sababu nimepata kazi karibu na familia yangu. Naomba nisipangiwe safari itakayovuka tarehe yangu ya mwisho. Naomba nipangiwe siku ya kukabidhi gari na vifaa vyake, na nipatiwe mchanganuo wa malipo yangu na hati ya utumishi."

Nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, unaondoka nayo. Katibu muhtasi akikuambia "acha tu hapo mezani, meneja akija ataona", subiri meneja aje. Sababu unayoandika iwe ya kweli lakini fupi. Barua ya kuacha kazi si mahali pa kumweleza tajiri tabia za shemeji yake anayesimamia stoo. (Isipokuwa kama unaondoka kwa kulazimika, na hilo nitalifikia.)

Siku ya kukabidhi ndiyo kazi. Kichwa cha diff mbili (ekseli mbili za nyuma zinazosukuma) kikivuta trela la ekseli tatu kina tairi 22 ardhini, ukiacha spea. Kampuni nyingi huchoma namba kwenye ubavu wa kila tairi. Usikubali mtu wa stoo aandike "tairi 22, sawa" akiwa amekaa kivulini. Zungukeni wote wawili, wewe unasoma, yeye anaandika, moja baada ya nyingine, na za ndani ambazo huwezi kuziona bila kuinama na tochi ziandikwe pia, maana za ndani ndizo zinazoleta kesi. Kisha spea, jeki, spana ya magurudumu, betri, turubai na idadi ya matobo yake, mikanda, minyororo, kizimamoto, pembetatu. Kilomita zilizo kwenye dashibodi. Mafuta kwenye tangi, yapimwe kwa kijiti mbele yenu. Nyaraka: nakala ya kadi ya gari, bima ya nchi za nje, vibali, karatasi za mwisho za mzigo zenye muhuri wa mpokeaji. Risiti za ushuru wa barabara za Zambia na za peaji (ushuru wa barabara) ya Kongo ziambatane na marejesho, si ndani ya mfuko wa shati lililobaki kitandani kwenye kabini. Mkimaliza, wote wawili mnasaini, unapiga picha karatasi na gari pande zote nne. Inachosha, jua linawaka, na mtu wa stoo atakuangalia kama mkorofi. Mvumilie.

Kilicho kibaya kuliko vyote ni kutelekeza gari njiani. Unajua zile meseji: "Bosi gari liko Tunduma, funguo kwa mlinzi, mimi nimeacha kazi." Mzigo wa transiti unapita nchini chini ya dhamana ya forodha, umefungwa lakiri, kodi yake haijalipwa kwa sababu unatakiwa kutoka. Ukipotea, mwenye dhamana anadaiwa na Mamlaka ya Mapato, TRA. Kwa hiyo tajiri anayepata meseji ile haendi kwanza kwa mwanasheria wa kazi. Anakwenda polisi kufungua jalada, na kitu kimoja kikikosekana kwenye trela, jina linaloandikwa kama mtuhumiwa ni la yule aliyekuwa na funguo. Kutoka kwenye mgogoro wa laki nne umehamia kwenye tuhuma za wizi wa mtumishi, ambazo zinakwenda mahakamani. Hata ukishinda, umeshalala rumande kwa ajili ya hasira za siku moja.

Na ukiwa umetoweka bila gari lolote kuhusika? Kanuni za 2007 zinahesabu kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu ya kukubalika kwa zaidi ya siku tano za kazi kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Yaani aliyedhani ameacha kazi, kwenye faili lake anasomeka amefukuzwa kwa utoro.

Tajiri akichukua funguo palepale

Hofu hii ina msingi. Wapo matajiri wengi ambao hawataki dereva mwenye notisi aguse usukani. Wanaogopa mafuta yatanyonywa, au gari litaendeshwa bila huruma. Sheria inawaruhusu kukupumzisha, lakini kwa kulipa: mwajiri anaweza kukulipa zile siku 28 badala ya kukufanyisha kazi. Anachoruhusiwa ni kubadilisha notisi kuwa hela. Haruhusiwi kuifuta.

Kasoro ni kwamba malipo hayo yatapigwa kwenye mshahara, na posho ya safari ambayo hukwenda haimo. Mwenye kutegemea posho ataumia, na hakuna barua itakayobadilisha hilo. Kwa hiyo kabla hujatoa notisi, jiulize kama una akiba ya kukaa wiki nne kwa mshahara mtupu, au kama kazi mpya inaweza kukupokea mapema. Waajiri wapya wengi wanakubali tarehe mbili: "naanza tarehe 1, au mapema zaidi wakiniachia." Ukipumzishwa, omba iandikwe: umeambiwa usije tena kuanzia tarehe fulani, na utalipwa siku za notisi zilizobaki. Ikibaki maneno ya mdomo, wiki ijayo utasikia wewe ndiye uliyeacha kuja.

Asipolipa, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba 1. Madai ya malipo ya namna hii yana siku 60 za kufunguliwa. Kuachishwa isivyo halali kuna siku 30. Tarehe hizi ndizo zinazoua kesi nyingi za madereva: mtu anarudi safari, anazungushwa na "njoo Ijumaa" tano, akienda Tume anaambiwa aombe kwanza kuongezewa muda.

Kenya inakaribiana na Bara lakini imenyoosha zaidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka siku 28 za notisi ya maandishi kwa anayelipwa kwa mwezi, na siku zisizopungua 7 kwa aliye kwenye majaribio. Anayelipwa kwa siku, kila upande unaweza kufunga mwisho wa siku yoyote bila notisi. Upande wowote unaweza kuondoka papo hapo kwa kumlipa mwenzake thamani ya notisi, kwa hiyo dereva wa Mombasa anayeitiwa kazi mpya kesho anaweza kununua uhuru wake kihalali. Na sheria hiyo inasema wazi: mfanyakazi akitoa notisi, mwajiri akamwambia aende leo, mwajiri atalipa siku zilizobaki isipokuwa wamekubaliana vinginevyo.

Kuna mahali ambapo sitamlaumu dereva kwa kutosubiri siku 28. Miezi mitatu bila mshahara. Breki zimeripotiwa, fundi amekubali hazifai, na bado ofisi inasema "shuka nalo hivyohivyo, mteremko wa Kitonga utaweka gia ndogo." Kubebeshwa mzigo usio kwenye nyaraka. Sheria inalitambua jambo hili: mwajiri akifanya hali ya kazi isivumilike mpaka mfanyakazi akaacha, kuacha huko kunahesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi. Lakini anayedai ndiye anayethibitisha, na msuluhishi atauliza kama ulilalamika kwanza. Ndiyo maana meseji ya "bosi breki za trela hazishiki, nimemwambia fundi" ina thamani kuliko kuisema kwa simu. Picha ya tairi lenye upara, ikiwa na tarehe, ina thamani. Barua ya kuacha katika hali hii haina ufupi niliousifu juu: itaje malalamiko, tarehe ulizoyatoa na majibu uliyopewa. Na siku 30 zinaanza kukimbia. Hata hapa, gari lirudishwe mahali salama na likabidhiwe. Kama haliwezi kutembea, liegeshwe kwenye yadi yenye mlinzi na mwenye gari ajulishwe kwa maandishi liko wapi na kwa nini.

Walio Marekani

Wakenya, Wakongo na Watanzania wengi walioko Marekani wameshika usukani wa malori, na ushauri wao ukifika nyumbani huchanganya watu, kwa sababu kule mambo yamegeuka. Isipokuwa jimbo la Montana, ajira binafsi ni ya hiari ya pande zote: dereva aweza kuondoka saa yoyote, na kampuni yaweza kumwondoa saa yoyote, bila notisi ya kisheria. Hizo wiki mbili zinazosemwa ni adabu tu.

Lakini kule faili linatembea. Kampuni inayoajiri inalazimika na kanuni za shirikisho kuuliza kampuni ulizoendeshea miaka mitatu iliyopita, nazo zina siku 30 za kujibu kuhusu kuajiriwa kwako na ajali; makosa ya vilevi na dawa za kulevya, tangu 2023, hutazamwa zaidi kwenye hifadhidata ya shirikisho. Juu ya hapo kuna ripoti ya DAC, yaani rekodi ya kazi za dereva, inayotunzwa na kampuni binafsi ya HireRight, na humo mwajiri aweza kuandika kwamba ulitelekeza gari. Neno hilo moja hufunga milango mingi. Dereva ana haki ya kuiomba ripoti yake bure mara moja kila mwaka na kupinga kilichoandikwa kwa uongo. Kwa hiyo mtu anayekwambia "huku tunaacha kazi kwa meseji" amesema kweli nusu: wanaacha kwa meseji, gari likiwa limeegeshwa kwenye yadi ya kampuni na picha zimepigwa. Na walioingia kwa kulipiwa shule ya udereva, au kwa bonasi ya kusaini, wana mkataba wa kurudisha hela wakiondoka mapema. Huo unafungwa na maandishi yake wenyewe hata kama notisi haitakiwi.

Afrika Mashariki haina faili la namna hiyo. Ina simu. Meneja mpya anampigia meneja wa zamani, wanajuana tangu foleni za bandarini, na dakika mbili zinatosha. Huwezi kuizuia simu hiyo, ila unaweza kuwa na karatasi inayotangulia. Bara, mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi anayeondoka hati ya utumishi. Kenya nayo inaitaka, na kukataa kuitoa ni kosa lenye adhabu. Hati ya Kenya inataja jina lako, la mwajiri, ulianza lini, ulifanya kazi gani na wapi, uliacha lini. Mwajiri halazimiki kuandika kama ulikuwa mzuri au mbaya, na kwa dereva mwenye tajiri mwenye kinyongo, hilo ni afadhali. Kampuni kubwa zinazotaka leseni ya daraja E na uzoefu wa miaka kadhaa zitakuuliza uthibitisho wa miaka hiyo, na madereva wengi waliovuka Tunduma kwa muongo mzima hawana hata karatasi moja ya kuonyesha. Idai siku ileile ya makabidhiano, kabla hujatoka getini, wakati mwenye muhuri bado yuko ofisini.